Kiingereza cha roketi: maneno mepesi ndiyo yaliyonitoa jasho

Nilipokubali kuwa mkalimani wa matangazo ya Artemis I, safari ya NASA ya kupeleka Mwezini chombo kisicho na watu, mwaka 2022, hofu yangu yote ilikuwa kwenye maneno marefu. Nikajiandaa kwa "propulsion", "trajectory" na "cryogenic". Nikayapanga daftarini kwa alfabeti, kila moja na maana yake pembeni. Hayo hayakunisumbua hata kidogo. Neno refu ukilijua umelijua, halina maana ya pili ya kukuvizia. Yaliyonitoa jasho ni yale ambayo mtu yeyote aliyesoma Kiingereza cha shule anadhani anayamudu: "hold", "go", "burn", "bleed", "scrub", "copy", hata "dress".

Kazi yangu ya siku zote ni kutafsiri nyaraka. Vyeti, mikataba, hukumu. Karatasi hainikimbii, nikikwama naweka kalamu chini, nafungua kamusi, narudi. Ndipo klabu moja ya sayansi ya vijana ikatafuta mtu wa kuwawekea matangazo ya NASA kwa Kiswahili, papo kwa papo, wasikilize kwenye vipokea sauti huku wakitazama picha. Nikasema sawa kabla ya kuuliza matangazo yenyewe yanachukua muda gani. Ukiitwa kwenye kazi ya namna hii, anzia hapo. Kurusha roketi si kama hotuba: saa nzima inaweza kupita hakuna kilichotokea, kisha ndani ya dakika tisa ukamwagiwa kila kitu.

Dalili ya kwanza kwamba daftari langu halitoshi niliipata nikiwa bado najisomea. Taarifa za Aprili na Juni mwaka ule zilikuwa hazikosi "wet dress". Mimi naona gauni lililolowa. Kumbe ni lugha ya jukwaani: "dress rehearsal" ni zoezi la mwisho la waigizaji, wakiwa wamevaa mavazi yote ya mchezo. La roketi linaitwa la majimaji kwa sababu matangi hujazwa kwelikweli, haidrojeni kimiminika yenye baridi ya nyuzi 253 chini ya sifuri na oksijeni ya nyuzi 183 chini ya sifuri. Saa inahesabu kurudi nyuma, kila mtu yuko kwenye kiti chake, ila injini haziwashwi. Wahandisi wamechoka kutaja jina zima, wanaishia "the wet dress". Nikatulia kwenye "zoezi la mwisho la kujaza matangi". Ni refu, lakini hakuna aliyelowa.

Hapohapo nikalazimika kutenganisha "fuel" na "propellant", maana Kiswahili cha mtaani vyote ni mafuta. "Fuel" ni kile kinachoungua, kwa roketi hii haidrojeni. "Propellant" ni hicho pamoja na oksijeni ya kukiunguza, kwa kuwa roketi hujibebea oksijeni yake yenyewe. Mtangazaji akisema "propellant" nawe ukasema mafuta tu, umeacha sehemu kubwa ya uzito nje.

Agosti 29 nikaketi mbele ya maikrofoni. Dirisha la kurusha lilikuwa lifunguliwe saa 12:33 kwa UTC, yaani saa za dunia. Dirisha halikunipa shida: kila anayefuatilia soka amezoea dirisha la usajili, na hili linafanya kazi vilevile, likifungwa ndiyo basi. Kuhusu saa, kama uko kwenye saa za Afrika Mashariki na unahesabu kwa Kiswahili, toa tatu kwenye UTC na saa yako hiyo hapo: 12:33 ni saa tisa na dakika thelathini na tatu alasiri. Mimi nilikuwa najumlisha tatu kisha natoa sita, na kwenye maikrofoni hakuna nafasi ya hesabu mbili.

Saa ya kuhesabu ikasimama kwenye dakika 40. Mtangazaji akasema wako kwenye "hold". Nikasema "wanashikilia", na nikaona sura za wasikilizaji zikitafuta kinachoshikiliwa. Kisha likaja la injini namba 3. Injini hizo, kabla ya kuwashwa, hupitishiwa haidrojeni baridi taratibu ili zipoe zisije zikashtuliwa na baridi ya ghafla. Mtiririko huo ndio unaoitwa "bleed". Injini namba 3 ilionekana haipoi ipasavyo, mtangazaji akawa anarudia "engine 3 bleed", na ulimi wangu ukaenda wenyewe kwenye damu. Binti aliyeketi mstari wa mbele akavua kipokea sauti sikio moja, akaninong'oneza: "Samahani mwalimu, nani kaumia?"

Nikamjibu hakuna aliyeumia, kisha nikaendelea, masikio yakiwaka moto. Baadaye nilipoongea na fundi wa magari nikaelewa vizuri zaidi kuliko kamusi zote: kutoa hewa kwenye mabomba ya breki, kwa Kiingereza, ni kitenzi hichohicho. Ni kuachia kitu kipite kidogokidogo. Damu ni mojawapo tu ya vinavyopita.

Dirisha lilipofunguka, hawakukaa sana wakatangaza "scrub". Kamusi inasema kusugua. Nikanyamaza sekunde kadhaa, na kwa mkalimani sekunde kadhaa ni ndefu kweli.

Haya manne yashike pamoja, yasome kwa kuyalinganisha, usiyasome moja moja. "Hold" ni saa kusimamishwa, na mara nyingi imepangwa tangu mwanzo ili watu wamalizie kazi bila kukimbizana. Nasema "saa imesimama". "Delay" ni muda kusogezwa. "Scrub" ni kuahirisha: leo hakuna kuruka, chombo kiko salama pale kwenye jukwaa, tutapangiwa siku nyingine. "Abort" ni jambo lililokwisha kuanza kukatishwa, na kama kuna watu ndani linaweza kuwa suala la uhai. Aliyeita "scrub" kwa jina la "abort" amewatia watu hofu ya bure. Aliyekosea kinyume chake amewatuliza wakati hakuna cha kutuliza. Halafu saa za kuhesabu ziko mbili, si moja. Ile ya T inaweza kusimama, ile ya L haisimami, ndiyo inayoonyesha muda halisi uliobaki. Ndiyo maana unaweza kuambiwa T imebaki dakika 10 na bado ukapata muda wa kunywa maji.

Jioni ile sauti ilinikauka na kichwa kilikuwa kinagonga. Wakalimani wa mikutano hufanya kazi wawili wawili na kupokezana kila baada ya dakika 20 hadi 30. Mimi nilijua hilo na bado nilikaa peke yangu saa kwa saa, kwa kuona aibu kuomba mtu wa pili alipwe. Septemba 3 nilikuja na mwenzangu. Siku hiyo haidrojeni ilivuja kwenye kiungio cha bomba kubwa la kujazia, wakajaribu kukidhibiti zaidi ya mara moja, wakashindwa, wakaahirisha tena. "Leak" ni kuvuja, halina ugomvi na mtu.

Kilichofuata ni wiki nyingi za kusubiri, kimbunga kikiwemo, na ndizo zilizoniokoa. Daftari la alfabeti nikalitupa. Nikaanza lingine linalofuata safari yenyewe: kabla ya saa kuanza, saa inapohesabu, kuwashwa hadi kufika kwenye obiti, njiani, kushuka. Maneno ya roketi huja kwa mpangilio usiobadilika sana, na ukijua uko wapi kwenye safari unajua neno gani linakuja. "Max Q" haliwezi kukushtukiza kama unajua kwamba roketi, ikiwa ingali ndani ya hewa na kasi inapanda, lazima ipite pale msukumo wa hewa unapokuwa mkali kuliko kote. "MECO" ni injini kuu kuzimwa kwa makusudi. Asiyejua anaweza kutangaza kwamba injini zimekufa.

Tena, mbele ya kila neno niliandika Kiswahili kifupi, chenye kusemeka kwa pumzi moja. Hili hakuna aliyenifundisha. Kiswahili kina silabi nyingi, Kiingereza cha redio kina silabi chache, na wahandisi wanapoulizwa mmoja mmoja kabla ya kuruka hujibu "go" kwa kasi ya kufyatua mahindi kwenye gunzi. "Niko tayari kuendelea" ni maelezo sahihi, lakini ukiwa unalimalizia la kwanza wenzako wako wa tano. Nikachagua "ruksa". "Copy" nikalipa "nimekupata", ambalo kila anayeongea kwenye simu ya upepo analitumia tayari. "Liftoff" likawa "imepaa". Kuhesabu kumi hadi moja ndiko pekee kulikonipa raha: kumi, tisa, nane, saba, kila namba silabi mbilimbili, inaenda yenyewe.

Kwa kusikiliza nilitumia kumbukumbu za sauti za Apollo, safari za zamani za kupeleka watu Mwezini. NASA imeziweka wazi pamoja na maandishi yake, bure. Nasikiliza kwanza bila kusoma, naandika nilichosikia, kisha nalinganisha. Dakika za mwisho za Apollo 11 kutua, Julai 1969, ni shule kamili. Kompyuta inatoa onyo namba 1202, wanaanga wanauliza, na jibu kutoka duniani linabebwa na "go" ileile ya herufi mbili. Pale pia ndipo utakapozoea kuona jiji likiitwa kama mtu: "Houston" ni yeyote aliyeshika maikrofoni ya chumba cha kuongozea. Na ile kauli maarufu ya Apollo 13, Aprili 1970, sikiliza namna ilivyosemwa na wanaanga wenyewe: "we've had a problem". Ni tumepata tatizo, si tuna tatizo kama wengi wanavyoinukuu.

Kumbukumbu iliyonikalia vibaya ni ya Januari 28, 1986. Chombo cha NASA cha Challenger kilisambaratika sekunde 73 baada ya kupaa, watu saba wakafa, na sauti ya mtangazaji haikupanda hata kidogo. Alizungumzia "a major malfunction" kwa utulivu uleule wa kusoma kasi na kimo. Nilizima redio nikatoka nje. Nilichokuja kuelewa baadaye ni kwamba wakalimani hujiegemeza sana kwenye toni ya msemaji, na katika fani hii toni haikusaidii. Shikilia maneno. "Nominal", ambalo kwenye mikataba ninayotafsiri humaanisha kitu cha jina tu au ada ndogo isiyo na maana, huku ni habari njema kuliko zote: mambo yanakwenda kama yalivyopangwa. "Anomaly" lina sura ya kisomi na laweza kumaanisha kipimo kimoja kimeyumba, au chombo hakipo tena.

Novemba 16 roketi ikaruka, saa 06:47 UTC. Saa chache kabla, valvu ya haidrojeni ilivuja na kikosi kidogo kikatumwa chini ya roketi iliyokwisha kujazwa kwenda kukaza nati. Kinaitwa "red crew". Nikasema "kikosi chekundu, yaani mafundi wa eneo la hatari", na nusu ya pili ya sentensi ndiyo iliyowafanya vijana waache kuongea. Kisha mkurugenzi wa urushaji, Charlie Blackwell-Thompson, mwanamke wa kwanza kushika kazi hiyo NASA, akakusanya majibu, na "ruksa" yangu ikaenda sambamba nao.

Jihadhari na sekunde sita za mwisho. Injini nne kuu zinawaka, moto unaonekana, na chombo hakijaondoka. Hiyo ni "ignition". "Liftoff" ni pale mitungi miwili ya pembeni inapolipuka moto na roketi ikaachana na jukwaa. Mwenzangu alinibana mkono nisiseme "imepaa" mapema, akaniachia ilipopaa.

Baada ya hapo mtangazaji akataja nguvu ya msukumo, pauni milioni 8.8. Pauni kwa masikio yetu ni fedha. Badilisha kabla ya kazi, si wakati wa kazi: ni kama nyutoni milioni 39. Mwaka 1999 chombo cha Mars Climate Orbiter kilipotea kilipofika Mirihi kwa sababu programu moja ilitoa takwimu kwa pauni na nyingine ikazipokea kama nyutoni. Kama wenye kazi yao yaliwafika, mkalimani asijitie ujasiri.

Kisha "translunar injection burn". Wasikilizaji wa mwezi Agosti wangeambiwa kuna sindano na mtu ameungua. Novemba niliwaambia injini inawashwa kukisukuma chombo kwenye njia ya Mwezini. "Burn" ni injini kuwaka kwa muda uliopangwa, basi. Na Novemba 21, Orion, chombo kilichobebwa na roketi ile, kilipopita nyuma ya Mwezi, "loss of signal" ikasemwa kwa sauti ya kawaida kabisa, kwa kuwa Mwezi ulikuwa umeziba njia ya mawasiliano na kila mtu alijua utaziba. Sema "tumekatika mawasiliano kama ilivyopangwa". Maneno mawili ya mwisho usiyaache.

Nilipoanza kualikwa kuzungumza kwa Kiingereza, si kutafsiri tu, shida ikahama mdomoni. Sisi mkazo wetu uko kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, na tunaubeba kila tuendako. "Satellite", "astronaut", "atmosphere", "telescope" zote mkazo wake uko mwanzoni kabisa. Ukiubonyeza katikati, msikilizaji anakuomba urudie na wewe unadhani sarufi imekuangusha. "Propellant" linatukubali, mkazo uko kulekule tulikozoea. "Launch" na "lunch" yatenganishe kwa kurefusha irabu ya neno la kwanza, la sivyo utatangaza chakula cha mchana.

Kuna pia maneno yanayobadilika kwa heshima. "Manned" la zamani limepisha "crewed", na NASA yenyewe imeliacha. Kwetu halina uzito kwa sababu "chombo chenye watu" hakikuwahi kubagua mwanamke. "Dark side" ya Mwezi waachie washairi. Upande usioonekana kutoka duniani unapata jua kama huu wetu. Uite "far side", ndiko Chang'e 4 ya China ilikotua Januari 2019. Kimondo chetu kimoja kinagawanyika mara tatu: "meteoroid" kikiwa bado kinazurura angani, "meteor" kikiwaka hewani, "meteorite" kikishaanguka ukakiokota. Na vivumishi vya Kiingereza vya majina ya angani hutoka kwenye shina jingine, jifunze mbili mbili: Moon na "lunar", Sun na "solar", Jupiter na "Jovian".

Majina ya vyombo usiyatafsiri. Eagle, chombo cha Apollo 11 kilichotua Mwezini, haikuwa tai. Ushahidi ninaoupenda ni setilaiti iliyorushwa Desemba 12, 1970 kutoka jukwaa la San Marco baharini karibu na pwani ya Kenya, ya kwanza kutengenezwa mahususi kwa ajili ya astronomia ya mionzi ya eksirei. Iliitwa Uhuru, na vitabu vya Kiingereza mpaka leo vinaiita Uhuru. Hilo hunifariji nikikumbuka sahani za sauti zilizopakwa dhahabu, zilizobebwa na vyombo vya Voyager mwaka 1977: salamu kwa lugha 55, Kiganda kimo, Kinyanja kimo, Kiswahili hakimo.

Agosti 23, 2023 tukaitwa tena, safari hii kwa Chandrayaan-3 ya India kutua karibu na ncha ya kusini ya Mwezi. Daftari la mpangilio lilifanya kazi isipokuwa mahali pamoja. Hatua za kushuka zilikuwa na "rough braking", kisha "attitude hold", kisha "fine braking". "Attitude" ni mkao wa chombo, kimeelekea wapi na kimeinama kiasi gani. "Altitude" ni kimo chake kutoka ardhini. Yote mawili yanatajwa ndani ya dakika moja na sauti iliyochujwa na redio haikuonyeshi tofauti. Na "hold" yenyewe imegeuka: hapa kweli wanashikilia, wanashikilia mkao. Tulikubaliana kwamba kila tarakimu ikifuata ni kimo, na kama hakuna tarakimu ni mkao, na ikashika. Zamu ya kutua ilimwangukia mwenzangu. Mimi nilibaki na kalamu, namwandikia kasi na kimo kwa herufi kubwa ili asihangaike kuzikumbuka.